Sura ya Saba: Pakiti ya Kijani

Inspekta Lo Chun-ying alifika kibanda namba kumi na moja saa saba mchana, boksi lake la wali mkononi, akakuta foleni ya watu kumi na wawili. Kila mmoja alikuwa ameshika prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ndani ya kimfuko cha plastiki, na hakuna hata mmoja aliyekuja kununua.

"Shangazi, mimi nataka kurudisha tu," alisema mtu wa mbele. "Sina ugomvi na wewe."

"Imeungua?"

"Haijaungua."

"Inapata moto?"

"Hapana. Inakimbia vizuri sana, nimeifikisha gigahezi tatu. Lakini blogu inasema itaungua."

"Basi nenda hiyo blogu ikakurudishie pesa!" Shangazi Weng A-chin alipiga meza hadi bisibisi zikaruka. Kisha akamwona Inspekta, akabadilisha sauti. "Afande, umekula?"

"Ndiyo kwanza nataka kula."

"Kula huku unaniokoa. Nimebakiwa na saa tatu."

Shangazi Weng alikuwa na miaka sitini na moja na miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Miaka ishirini na miwili alikuwa ameimaliza kwenye kibanda hiki hiki, katika soko la vipuri vya kompyuta ambalo nusu ya Taipei huja kununua na nusu nyingine huja kubishana. Soko lilikuwa linafungwa mwisho wa mwezi huo wa Machi. Saa kumi alasiri, kamati ingegawa nafasi za jengo jipya kwa kura ya karatasi ndani ya ndoo. Kanuni ilikuwa moja: kibanda chenye lalamiko la bidhaa bandia hakitii mkono kwenye ndoo.

Lalamiko lenyewe lilikuwa limeandikwa Jumatano saa mbili usiku kwenye blogu iitwayo Moto Baridi. Mwenye blogu alikuwa Kang Tse-hui, ambaye soko zima lilimwita Bwana Barafu. Alikuwa na kibanda chake ghorofa ya juu. Aliandika kwamba Jumatatu alinunua prosesa ya bei ya chini kwa Shangazi Weng, Jumanne usiku akaikimbiza, na kabla haijafika popote ikatoa moshi. Bandia, alisema. Chapa imefutwa ikapigwa nyingine. Chini akaweka picha ya marehemu.

Kukimbiza ndilo neno lao. Kiwanda kinaiandikia prosesa ya bei rahisi kasi ya gigahezi moja nukta nane, wao wanabadilisha namba chache mashine inapowaka, wanaongeza umeme kidogo, wanaipeleka tatu. Wapo wenye prosesa za bei kubwa ambao hufika tatu bila jasho, lakini hao sokoni hapa hawaheshimiwi. Heshima ni kununua punda na kushinda mbio za farasi.

Kama habari ile ingebaki kwenye blogu yake, wangeisoma watu mia tatu na wangebishana hadi wachoke. Shida ni mlisho. Kila blogu siku hizi ina mlisho wake, mfereji unaochukua habari mpya na kuimwaga kwenye kurasa za watu wengine bila mtu yeyote kugusa kitu. Asubuhi ya Alhamisi habari ya Bwana Barafu ilikuwa kwenye kurasa arobaini na tatu, mbili kati yake zikiwa za mapishi. Na leo ilikuwa Ijumaa.

"Naanza na wewe," Inspekta alisema, akaketi kwenye kigoda na kufungua boksi lake. "Nataka kujua kwanza kama wewe si mwizi."

"Uliza."

"Zilikuja lini?"

"Tarehe nne mwezi huu. Boksi moja, kundi moja. Kabla ya hapo sikuwa na hata moja ya aina hii." Akatoa hati ya mzigo yenye muhuri wa msambazaji. Tarehe nne Machi, ilisomeka vizuri. Inspekta akainakili kwenye daftari, akaligeuza boksi huku na huku, akaukuta utepe wa kiwandani umekatwa upande mmoja tu. Kisha akachagua prosesa tatu mwenyewe, moja ya juu, moja ya katikati, moja ya chini kabisa. Kutoka kwenye mkoba wake akatoa pamba na kichupa cha dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

"Afande unataka kuzipaka kucha?" mmoja kwenye foleni aliuliza.

"Wewe nyamaza ujifunze. Chapa ya bandia hupigwa juu ya rangi. Rangi ikikutana na hii, inahama."

Alisugua ya kwanza mara ishirini huku akihesabu kwa sauti. Akasugua ya pili, akasugua ya tatu. Pamba ilibaki nyeupe. Watu walisogea karibu, wakaitazama pamba kana kwamba ingesema kitu.

"Chapa ni ya kweli," alisema Inspekta, akarudi kwenye wali wake.

Alipotaka kuliweka boksi la wali juu ya mashine ya kujaribia, Shangazi aliuwahi mkono wake. Juu ya mashine ile kulikuwa na pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, ladha ya nazi, haijafunguliwa. Inspekta akaomba radhi mara moja. Hakuna mwenye mashine kisiwani humu asiyejua mambo ya pakiti: inakaa juu ya mashine ili mashine itulie, lazima iwe ya kijani, lazima iwe nzima, na lazima iwe ndani ya tarehe. Pakiti iliyopitwa na tarehe ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa. Kituoni kwa Inspekta kulikuwa na moja juu ya redio ya mawasiliano, na zamu ya kuibadilisha iliandikwa kwenye daftari la kazi.

Hapo ndipo fujo ilipoanzia mlangoni. Mwanamume mwembamba aliyevaa tai alikuwa akipenya katikati ya watu, amekumbatia kompyuta nzima, nyaya zikiburuzika nyuma.

"Nipisheni! Yangu imekufa kweli! Ushahidi huu hapa!"

Alikuwa Mwalimu Pai, mwalimu wa hesabu. Alinunua prosesa yake kwa Shangazi siku nane zilizopita, akaifunga jana. Foleni yote iligeuka. Inspekta akaacha kutafuna.

"Inafanyaje?" aliuliza.

"Inawaka, inahesabu ishirini, inazima. Nimejaribu mara tisa."

Waliichomeka. Ikawaka. Watu wote wakahesabu pamoja, na walipofika ishirini na moja ikazima. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mikono ya Shangazi Weng ilikuwa imetulia mezani, na Inspekta hakupenda kuiona hivyo.

"Mwalimu, umeikimbiza?"

"Hata kidogo. Iko kwenye kasi yake ya kiwandani."

"Na aliyefunga ni nani?"

"Mimi mwenyewe, kwa kufuata maelekezo, hatua kwa hatua."

Hali ilikuwa mbaya. Kama prosesa ya boksi lile lile ilikuwa ikizima bila kukimbizwa, basi huenda Bwana Barafu alisema kweli, chapa au si chapa. Inspekta akatazama saa. Saa nane kasoro.

"Shangazi, fungua."

Shangazi alilegeza skrubu nne, akang'oa kipoza joto na feni yake. Inspekta akakipokea, akakigeuza. Chini yake kilikuwa kinang'aa kupita kiasi. Alipitisha ukucha pembeni, na karatasi nyembamba ya plastiki ikaanza kubanduka.

"Mwalimu," alisema. "Macho yangu si mazuri. Hebu nisomee hapa pameandikwa nini."

Mwalimu Pai aliinama. Masikio yake yakawa mekundu.

"Soma kwa sauti, darasa lisikie," mtu alisema nyuma.

"'Ondoa... karatasi hii... kabla ya kufunga.'"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwa wauza kamera. Mwalimu alijifuta uso kwa tai. "Miaka kumi na tisa," alilia, "kila siku nawaambia watoto, someni swali mpaka mwisho. Someni mpaka mwisho!"

"Joto la watu lingepita wapi, Mwalimu? Umeivalisha koti la mvua!" Shangazi alikuwa amerudia hali yake. Aliubandua ule utandu, akapaka pesti mpya ya kupitishia joto, akafunga, akawasha. Walihesabu ishirini, wakahesabu mia moja. Alipoona inatosha akaingia kwenye namba zake, na kwa dakika kumi akaifikisha gigahezi tatu nukta moja kwa feni ya kawaida, huku Mwalimu akipiga makofi peke yake. Watu saba kwenye foleni waliziweka prosesa zao mifukoni na kuondoka wakijifanya walikuwa wanapita tu.

"Sasa umesalimika na hawa," Inspekta alimwambia Shangazi. "Lakini hawa si Mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti ana lalamiko la maandishi na picha."

"Picha ninayo hata mimi," alisema Mwalimu Pai, mwenye hamu ya kujirekebishia jina. Akafungua mkoba, akatoa karatasi mbili zilizobanwa kwa pini. "Habari za blogu huwa sizifuati huko ziliko. Zinanijia zenyewe kwa mlisho, nami nazichapa kwenye karatasi. Hii ilinifikia Jumatano saa mbili na dakika tano."

Inspekta alikuwa na nakala yake, aliyoichapa kituoni asubuhi ile kutoka kwenye blogu yenyewe. Akaziweka nakala zote mbili mezani, bega kwa bega, akaanza kuzisoma mstari kwa mstari kwa kidole. Maneno yalilingana. Picha hazikulingana.

Ya Inspekta ilionyesha prosesa iliyoungua tu, imejaza picha yote. Ya Mwalimu ilikuwa prosesa ile ile, lakini pana zaidi: meza, mashine wazi, na juu ya mashine pakiti ya kijani. Pembeni mwa pakiti kulikuwa na duara jekundu la kalamu.

"Duara hili ni la nani?"

"La kwangu. Afande, mimi nikiona kosa mkono unakwenda wenyewe."

Ndani ya duara tarehe ilisomeka bila shida, maana Bwana Barafu alikuwa na kamera nzuri na alijivuna nayo. Mwisho wa matumizi: tarehe ishirini Februari.

"Nikamwandikia maoni pale pale," Mwalimu aliendelea. "Nikasema, kaka, pakiti yako imeshakufa, kwa nini prosesa isiifuate? Dakika kumi hazikupita, maoni yangu yakafutwa."

"Na picha ikakatwa," alisema Inspekta. "Kwake aliikata. Ila ile ya kwanza ilikuwa imeshaondoka na mlisho."

"Sasa hiyo inanisaidia nini?" Shangazi aliuliza. "Ana pakiti mbovu, aibu yake. Mimi nataka karatasi yangu kwenye ndoo."

Inspekta alifunika boksi la wali, akasimama. "Shangazi, Bwana Barafu anakimbiza mashine kwa miaka mingapi?"

"Tisa, kumi."

"Ulishawahi kumwona na pakiti iliyopita?"

Shangazi alifungua mdomo ajibu kwa kejeli, akaufunga. "Hapana," alisema polepole. "Mjinga yule ni mwongo, lakini si mchafu wa kazi."

"Twende juu."

Ghorofa ya juu kulikuwa kumepoa. Kang Tse-hui alikuwa peke yake, mrefu, nywele zimefungwa nyuma, akimimina nitrojeni ya maji, baridi kuliko barafu yoyote, ndani ya kikombe cha shaba kilichosimama juu ya prosesa. Mvuke mweupe uliteremka mezani. Nyuma yake, maboksi ya prosesa za aina ile ile ya bei ya chini yalikuwa yamepangwa hadi darini, na vumbi limeshaanza kuyakalia. Inspekta aliyatazama kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mvuke.

"Afande! Karibu. Chai ya maziwa yenye gololi za muhogo?" alisema Kang. Kisha akawaona Shangazi na Mwalimu na watu kama ishirini waliowafuata. "Kumbe ni mkutano."

"Maswali machache tu. Prosesa iliyoungua iko wapi?"

"Nimetupa."

"Lini?"

"Jumatano jioni. Gari la taka lilipopita nikashuka nayo."

"Jumatano," Inspekta alirudia huku akiandika.

"Jumatano."

"Kaka, Jumatano gari la taka halipiti. Mji mzima unajua. Mfuko wangu wa taka Jumatano unalala na mimi."

Watu wakacheka. Kang akaweka chupa chini. "Basi ilikuwa Jumanne."

"Jumanne usiku ndipo ilipoungua. Gari lilikuwa limeshapita."

"Alhamisi basi! Afande, siku hizi kusahau siku ya taka ni kosa la jinai?"

"Hapana," Inspekta alikubali. "Kwa hilo sikukamati. Nani hasahau?" Akafungua ukurasa mpya wa daftari, na sauti yake ikawa ya mtu anayemaliza kazi ili akanywe chai. "Picha uliipiga wewe?"

"Mimi."

"Meza hii, mashine hii?"

"Hii hii."

"Siku iyo hiyo prosesa ilipoungua?"

"Dakika hiyo hiyo. Moshi ulikuwa bado puani."

"Vizuri. Basi nimemaliza." Akageuka kuondoka, kisha akarudi nusu. "Pole tu kwa maneno ya huko chini."

"Maneno gani?"

"Aa, mambo ya soko. Kuna karatasi inazunguka, ile picha yako ya kwanza. Wanasema Bwana Barafu, bingwa wa kukimbiza, anakimbiza na pakiti iliyokufa wiki tatu."

Uso wa Kang ulipanda rangi kuanzia shingoni. "Nani kasema?"

"Mimi," alisema Mwalimu Pai, akainua mkono.

"Wewe unayefunga kipoza na plastiki yake? Habari zako zimeshapanda ngazi!" Kang aligeukia umati. "Mimi? Pakiti iliyopita? Mimi naibadilisha siku tatu kabla ya tarehe! Miaka kumi! Hii hapa, tazameni, mwezi wa tisa! Uliza soko zima!"

"Soko sina haja nalo," alisema Inspekta. "Nakuuliza wewe. Siku ulipopiga picha hii, pakiti iliyo juu ya mashine ilikuwa hai?"

"Ilikuwa hai!"

"Una uhakika?"

"Nakula kiapo."

"Hakuna haja ya kiapo. Sahihi inatosha." Alikuwa ameshaandika. Alimgeuzia daftari, na Kang akatia sahihi yake yote, hata na kile kimkia anachoweka kwenye mabango.

Inspekta alipuliza wino ukauke.

"Sasa tuhesabu, Mwalimu atanisahihisha. Pakiti kwenye picha inakwisha tarehe ishirini Februari. Siku ya picha ilikuwa hai, tuna sahihi. Kwa hiyo picha ilipigwa lini?"

"Kabla ya tarehe ishirini na moja Februari," alijibu Mwalimu haraka.

"Na prosesa za Shangazi zilifika lini?"

"Tarehe nne Machi!" umati uliitikia.

Kang alitazama daftari. Mvuke kwenye kikombe chake ulikuwa umeanza kupungua na hakuna aliyeuongezea.

"Lakini mimi si mtu mkali," Inspekta aliendelea. "Kauli inaweza kubadilishwa. Sema tu pakiti ilikuwa imekwisha, ulisahau, basi picha itakuwa ya Jumanne kama ulivyoandika, na mimi nitakuwa sina kitu. Tunaifuta sahihi sasa hivi. Ni hiari yako."

Kang aliitazama pakiti mpya juu ya mashine yake. Akawatazama watu, mmoja mmoja, wanunuzi wake na wapinzani wake wa miaka kumi.

"Picha ni ya Januari," alisema.

Kelele zililipuka. Shangazi Weng alipiga kofi moja kubwa, akaketi kwenye boksi la Kang bila kuombwa. Mengine yalitoka yenyewe. Prosesa ile ilikuwa ya Kang, ya kundi la zamani, aliiunguza mwenyewe kwa kuipa umeme mwingi. Kundi la zamani halivuki gigahezi mbili na nusu hata ukilibembeleza, naye alikuwa nayo maboksi mpaka darini. Tangu tarehe nne, watu walipogundua kwamba za Shangazi zinakimbia, hakuna mteja aliyepanda ngazi kuja kwake.

"Kwa hiyo ukaniua mimi," alisema Shangazi.

"Nilidhani wataacha kununua wiki moja, mbili. Sikujua habari ya ndoo itaingiliana. Halafu mlisho ukaichukua, ikawa haishikiki."

"Ungesema! Ungeshuka ngazi, ukasema Shangazi, nimekwama. Ningekuchukulia nusu, nikauzia ofisi zinazotaka kuandika barua tu. Unafikiri kila mtu anataka kukimbia?"

Inspekta alikuwa anatazama saa: saa tisa na dakika arobaini.

"Andika masahihisho. Sasa."

Kang aliketi akaandika kwamba kumetokea kutoelewana kuhusu chanzo cha picha. Inspekta akaunyoosha mkono juu ya bega lake, akafuta kwa kidole kimoja. Kang akaandika tena, sentensi tatu: nilisema uongo, picha ni ya prosesa yangu mwenyewe, prosesa za Shangazi Weng ni za kweli na zinakimbia kuliko zangu. Ya mwisho hiyo ilimchukua dakika nzima. Saa tisa na dakika arobaini na sita akaituma.

Mwenyekiti Tu wa kamati aliwasikiliza ofisini, ndoo ya karatasi ikiwa mezani mbele yake na wenye vibanda wakiwa wamejaa hadi kwenye korido. Alikuwa mtu wa taratibu, na leo alikuwa mtu wa taratibu kuliko siku zote.

"Blogu ya mtu mmoja mimi siifungui," alisema. "Lalamiko nimelisoma kwenye ukurasa wa Habari za Soko, kama wenzangu wote wa kamati. Lilikoingilia ndiko litakakotokea. Masahihisho yakionekana hapo saa kumi, Mama Weng anatia mkono. Yasipoonekana, nasikitika."

Ukurasa ule ulikusanya milisho kila nusu saa. Mkusanyo uliofuata ulikuwa saa kumi kamili. Walisimama, watu hamsini wakiitazama saa ya ukutani. Ilipogonga kumi, Mwenyekiti akabonyeza kitufe cha kuonyesha upya ukurasa, na kompyuta yake ikaganda.

Alibonyeza tena. Ukurasa mweupe ulibaki mweupe. Chini ya meza feni ilikoroma, ikakwama, ikakoroma.

"Itafunguka," alisema Mwenyekiti. "Wakati mwingine huchukua robo saa. Lakini kura haisubiri."

Shangazi Weng aliinama kuitazama mashine. Juu yake kulikuwa na kikombe cha chai na taulo la jasho.

"Mwenyekiti!" alisema kwa mshtuko wa kweli. "Huna pakiti?"

Minong'ono ikapita kwenye korido. Mwenyekiti Tu alijikohoza. Shangazi alikwisha kutoa ya kwake kwenye kikapu.

"Tarehe?" Kang aliuliza, kwa mazoea.

"Agosti."

"Sawa. Iweke jina likitazama mbele."

Aliiweka. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi pia, akapiga magoti chini ya meza, akachomoa furushi la vumbi kubwa kama paka kutoka kwenye feni, na kuusogeza waya uliokuwa ukiikwaza. Feni ikazunguka. Ukurasa ukafunguka, na juu kabisa kulikuwa na sentensi tatu za Kang Tse-hui. Kilichosaidia ni pakiti au ni vumbi, hakuna aliyeuliza.

Mwenyekiti alizisoma mara mbili, akatoa kalamu, akalikata lalamiko mstari mmoja ulionyooka. "Mama Weng, tia mkono. Na huyu," akamwonyesha Kang, "jina lake linatoka."

Shangazi alikuwa na mkono tayari ndani ya ndoo. Aliusimamisha hapo hapo. "Mwacheni atie mkono. Mwisho, nyuma ya watu wote, lakini atie. Yale maboksi yake nani atayauza? Afande, mimi ndiye niliyemshtaki, faili lake nalifunga mwenyewe."

"Una haki hiyo," alisema Inspekta.

Shangazi alitoa karatasi, akavaa miwani ya kichwani juu ya ile ya usoni, akasoma: ghorofa ya chini, namba tisa, ubavuni mwa ngazi, mahali kila mteja hupita. Alisoma tena, halafu akaketi sakafuni pale pale, akalia kwa nguvu mbele ya kamati nzima, na Mwalimu Pai akampa tai yake ajifute. Karatasi zilizobaki zilikwenda moja baada ya nyingine. Ya Kang, ya mwisho kabisa, ilikuwa namba kumi: uso kwa uso na Shangazi Weng, upana wa ujia mmoja.

"Vizuri," alisema Shangazi kutoka sakafuni, pua imeziba. "Kila asubuhi nitakuwa nakutazama."

Inspekta Lo alishuka ngazi akimalizia wali wake uliopoa. Kwenye ngazi ya mwisho akasikia hatua za haraka nyuma yake. Alikuwa Kang, anahema.

"Afande. Ripoti utaiandika?"

"Faili limefungwa, lakini ripoti lazima iandikwe."

"Andika nilidanganya, sina neno. Andika nilimkosea Shangazi." Alitazama nyuma kuona kama kuna anayesikia. "Ila ile ya pakiti. Mtu akisoma vibaya, anaweza kudhani kweli ilikuwa imepita."

Inspekta akafungua daftari juu ya goti lake, akaandika mstari mmoja zaidi chini ya sahihi yenye kimkia. Akamgeuzia asome: *Imethibitishwa kwamba siku ya picha pakiti ilikuwa hai.*

Kang aliusoma, akainamisha kichwa mara mbili kwa heshima, na kupanda ngazi kurudi kwenye mashine zake akiwa mwepesi kuliko alivyoshuka.